Siagi ya Shea na Mafuta ya Kuchanganya Nyumbani: Kinachotokea Ndani ya Kopo

Anayeyeyusha siagi ya shea kwa mara ya kwanza, akaichanganya na mafuta mengine na kuiacha ipoe yenyewe juu ya meza, mara nyingi huikuta asubuhi ikiwa na sura asiyoitarajia. Juu imelainika vizuri, lakini ndani imejaa chembe zinazokwaruza vidole kama mchanga, na chembe hizo hazipotei mpaka zisuguliwe kwa muda juu ya ngozi. Wengi huhitimisha kwamba wameuziwa bandia na kulitupa kopo zima. Mimi mwenyewe kopo langu la kwanza nililitupa kwa sababu hiyo hiyo, na hadi leo najuta, kwa kuwa siagi ile haikuwa na kasoro yoyote. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mafuta huganda kwa mpangilio unaotegemea mwendo wa kupoa kwake, na kwamba siagi ya shea ni kali katika jambo hilo kuliko mafuta mengi.

Maelekezo mengi ya kutengeneza mafuta ya nywele na ngozi hutaja viungo na kuziacha sababu. Msomaji huambiwa vijiko vingapi vya hiki na matone mangapi ya kile, kisha mchanganyiko ukikataa hana pa kuanzia kuurekebisha. Ukifuatilia makosa yanayotokea jikoni, utaona kwamba karibu yote hutokana na joto au na maji, na machache sana hutokana na kukosekana kwa kiungo fulani cha siri. Kwa hiyo makala hii itakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili, na viungo vitazungumzwa kwa kadiri vinavyohusika nayo.

Siagi yenyewe hutoka wapi

Usemi wa "kutengeneza siagi ya shea nyumbani" hubeba maana mbili ambazo ni vyema kuzitenganisha mapema. Maana ya kwanza ni kuikamua siagi kutoka kwenye kokwa za mti wa shea, unaoitwa na wanasayansi Vitellaria paradoxa. Mti huo huota katika ukanda wa savana unaoanzia Senegal na kupita Mali, Burkina Faso, Ghana na Nigeria hadi Sudan Kusini, Uganda na Ethiopia. Huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 au zaidi, kabla ya kuzaa vizuri, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kokwa huokotwa chini ya miti iliyoachwa isimame mashambani badala ya kutoka kwenye mashamba yaliyopandwa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita katika dola ya Mali mwaka 1352, aliandika habari za mafuta ya tunda hilo, na Mungo Park, mpelelezi Mskoti aliyeeleza safari yake katika kitabu cha mwaka 1799, alikumbukwa kwa jina lake kutiwa katika jina la zamani la kisayansi la mti huo, Butyrospermum parkii.

Kazi ya kukamua hufanywa hasa na wanawake, nayo ni kazi nzito. Tunda huondolewa nyama, kokwa huchemshwa na kukaushwa, ganda hupasuliwa, kiini hukaangwa na kusagwa hadi kiwe uji mzito wa rangi ya kahawia, kisha uji huo hukandwa kwa mikono pamoja na maji mpaka mafuta yajitenge na kuelea kama povu zito jeupe. Povu hilo huoshwa, huchemshwa ili maji yaishe, huchujwa na kuachwa ligande. Asiye na kokwa mbichi wala mikono mingi ya kumsaidia hana haja ya kujaribu haya. Maana ya pili, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni kuichukua siagi iliyokwisha kukamuliwa na kuichanganya na mafuta mengine ili ipate ulaini, harufu na matumizi yanayotakiwa.

Hata hivyo, historia ya kokwa hubaki ndani ya siagi, na mnunuzi makini huisoma. Siagi isiyosafishwa kiwandani huwa na rangi kati ya maziwa na manjano hafifu, na harufu ya kokwa iliyokaangwa ambayo pengine huchanganyika na moshi. Siagi iliyosafishwa huwa nyeupe na haina harufu, kwa kuwa imepitishwa kwenye udongo wa kung'arisha na kwenye mvuke wa joto kali. Hupoteza baadhi ya viambato vyake vya asili, lakini hukaa muda mrefu na haibishani na manukato. Si kweli kwamba ya kwanza ni halisi na ya pili ni bandia. Mwenye ngozi inayowashwa kwa urahisi anaweza kuvumilia iliyosafishwa kuliko ile nyingine. Rangi ya manjano iliyokolea nayo si cheti cha ubora, kwa sababu katika baadhi ya maeneo ya Afrika Magharibi siagi hutiwa rangi kwa mizizi ya mmea. Kipimo cha kuaminika zaidi ni pua: harufu ya kokwa na moshi ni ya kawaida, lakini harufu kali inayochoma, inayofanana na rangi ya mafuta ya kupakia mbao au karanga zilizokaa mno, ni dalili kwamba mafuta yamechacha.

Ipo pia tofauti ya jamii za mti. Ule wa Afrika Magharibi hutoa siagi ngumu zaidi, na ule wa Uganda na Sudan Kusini, unaojulikana kama nilotica, hutoa siagi laini ambayo kwenye chumba chenye joto hukaribia kumiminika. Mtu akifuata maelekezo yaliyoandikwa kwa aina moja huku mkononi ana nyingine, atapata tokeo tofauti kabisa bila kukosea hata hatua moja.

Kwa nini inafanya chembe

Mafuta yote ya mimea yamejengwa kwa asidi za mafuta zilizofungwa tatu tatu. Katika siagi ya shea, asidi mbili ndizo zinazotawala: asidi ya oleiki, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 40 na 60, na asidi ya steariki, ambayo mara nyingi ni kati ya asilimia 30 na 50. Oleiki ndiyo inayotawala pia katika mafuta ya zeituni, nayo hubaki kimiminika katika joto la kawaida. Steariki ni ngumu, na huhitaji joto kubwa zaidi ili iyeyuke. Siagi ya shea kwa hiyo ni sehemu ngumu na sehemu laini zilizolazimishwa kuishi pamoja, na ukiitazama hivyo, tabia zake nyingi hujieleza.

Siagi hii huyeyuka takriban kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, yaani karibu na joto la mwili, na hiyo ndiyo sababu inaonekana kuyeyuka yenyewe ikiguswa na ngozi. Inapopoa polepole, sehemu zenye steariki nyingi hutangulia kuganda. Zina muda wa kutosha wa kutafutana, kujipanga na kukua kuwa fuwele kubwa, huku sehemu laini ikibaki kimiminika kando yao. Fuwele hizo ndizo chembe. Ikipoa haraka, sehemu ngumu hazipati nafasi hiyo. Huganda zikiwa fuwele ndogo mno zilizotawanyika kila mahali, na vidole haviwezi kuzihisi.

Dawa yake basi hueleweka. Siagi iyeyushwe ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, na joto lake lifikishwe kwenye nyuzi 70 hadi 75 na kushikiliwa hapo kwa dakika 20 hivi. Wengi huishia pale siagi inapoonekana kuwa maji, jambo ambalo halitoshi, kwa sababu bado zinaweza kubaki mbegu za fuwele zisizoonekana kwa jicho, na hizo ndizo zinazoanzisha chembe wakati wa kupoa. Baada ya hapo yaongezwe mafuta mengine, kisha bakuli liwekwe ndani ya maji yenye barafu na kukorogwa bila kupumzika mpaka mchanganyiko uwe mzito na kupoteza ung'avu, ndipo umiminwe kwenye makopo na kuingizwa kwenye friji moja kwa moja. Kukoroga katika hatua hii si pambo, kwani ndiko kunakozuia ukingo wa bakuli kuganda peke yake huku katikati kukiwa bado moto.

Kopo lililotengenezwa vizuri linaweza kufanya chembe baadaye likiachwa ndani ya gari juani, likayeyuka nusu, kisha likapoa taratibu usiku. Hapo hakuna kilichoharibika. Liyeyushwe upya kwa utaratibu ule ule, ila manukato yatakuwa yamepungua kwa kuwa huruka na joto.

Kuchagua mafuta ya kuchanganya

Siagi ya shea peke yake ni nzito, hukokota ngozi wakati wa kupaka na huacha utando. Mafuta ya maji, yaani yale yanayomiminika, huongezwa ili kuilegeza, na uchaguzi wake huamua mambo mawili kwa mpigo: jinsi mchanganyiko utakavyohisiwa, na muda utakaokaa kabla ya kuchacha. Mambo hayo mara nyingi huvutana. Mafuta yenye asidi nyingi ya linoleiki, kama ya alizeti ya kawaida, huhisiwa mepesi na huifaa ngozi, lakini hushambuliwa haraka na hewa. Yale yenye oleiki nyingi, kama zeituni, parachichi na lozi, hudumu zaidi lakini ni mazito kidogo. Ufuta una kinga yake ya asili dhidi ya kuchacha na kwa hiyo hustahimili kuliko mtu angedhania kwa kutazama asidi zake tu.

Zeituni yanastahili neno la ziada, kwa kuwa yana heshima kubwa ambayo ngozi haikubaliani nayo kila mara. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 uliyalinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi ya watu wazima, na kuona kwamba zeituni yalidhoofisha ukuta wa nje wa ngozi, ilhali alizeti hayakufanya hivyo na yalisaidia ngozi kubaki na unyevu. Sababu inayotolewa ni kwamba asidi ya oleiki inaweza kupenya na kuvuruga mpangilio wa mafuta ya asili yaliyo kati ya seli za ngozi. Mwenye ngozi ngumu isiyo na matatizo huenda asione tofauti, lakini mwenye ukurutu ana sababu nzuri ya kuyaweka kando. Na kwa kuwa shea yenyewe ina oleiki nyingi, kuilegeza kwa zeituni ni kuongeza kile kile kilichopo.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo ni fupi na nyoofu. Ufupi huo utatufaa tukifika kwenye nywele. Kwenye uso wenye chunusi huwaletea wengi matatizo, ingawa zile orodha zinazoyapa mafuta alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kadiri yanavyoziba vinyweleo zisichukuliwe kama sheria. Kwa sehemu kubwa zilitokana na majaribio yaliyofanywa kwenye masikio ya sungura, na sikio la sungura si shavu la binadamu.

Mafuta ya nyonyo ni ya namna yake. Takriban asilimia 85 hadi 90 ni asidi ya risinoleiki, inayoyafanya yawe mazito na yenye kunata kuliko mafuta mengine yote ya jikoni. Kidogo chake hung'arisha na kuushikilia mchanganyiko. Kingi huufanya ukusanye vumbi. Mafuta ya jojoba kwa upande mwingine si mafuta kwa maana ya kikemia bali ni nta iliyo katika hali ya maji, na ndiyo maana hukaa muda mrefu sana bila kuchacha. Yanapopatikana, ni rafiki wa shea kuliko mengi.

Kwa kuanzia, gramu 100 za mchanganyiko wa mwili zinaweza kuwa na gramu 70 za siagi ya shea, gramu 29 za mafuta ya maji ya aina moja au mbili, na nusu gramu ya vitamini E, na nafasi iliyobaki ikaachwa kwa manukato au kujazwa na mafuta. Katika joto kali kiasi cha mafuta kipunguzwe, au sehemu ndogo ya shea ibadilishwe kwa nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65. Gramu 5 katika 100 zinatosha kuonekana, na gramu 20 hugeuza kila kitu kuwa mafuta magumu ya midomo. Vipimo viwe kwa uzito, kwa mizani ya jikoni. Kijiko cha siagi iliyolainika na kijiko cha siagi iliyoganda havina kiasi sawa, na atakayepima kwa vijiko hataweza kurudia leo alichokipata jana.

Wanaopenda ule mchanganyiko mwepesi kama povu huupiga kwa mashine ya kupigia mayai. Siri yake ni kuusubiri upoe mpaka kingo ziwe nyeupe na kidole kikibonyeza kiache alama, kisha kuupiga kwa dakika chache, kuurudisha kwenye friji kidogo na kuupiga tena. Kinachoongezeka hapo ni hewa. Kopo linaweza kujaa mara mbili kwa uzito ule ule, jambo linalopendeza macho, lakini hewa hiyo hiyo huharakisha kuchacha, na siku ya joto povu lote hunywea. Wanaokerwa na ule utando huongeza wanga wa mahindi gramu 2 hadi 4 katika kila 100, nao hupunguza kuteleza kwa kiasi cha kuridhisha.

Maji ndiyo mpaka

Hapa ndipo hatari halisi ilipo, na ndipo maelekezo mengi yanayosambazwa hukosea zaidi. Mchanganyiko wa siagi, mafuta na nta usio na maji hauwezi kuotesha bakteria wala kuvu, kwa sababu viumbe hivyo vinahitaji maji ili viishi. Unaweza kuchacha, lakini hauozi. Mara tu jeli ya mshubiri, maji ya waridi, asali, chai ya majani, maziwa au parachichi bichi vinapoingia, hesabu hubadilika yote. Maji hayayeyuki ndani ya mafuta. Hubaki kama matone madogo yaliyofichwa ndani yake, na kila tone ni makazi. Kuvu hujionyesha kwa rangi na hapo mtu huwa na bahati, kwa kuwa bakteria wanaweza kujaa kopo zima bila rangi wala harufu yoyote, kisha wakapakwa kwenye ngozi iliyochanika au karibu na macho.

Vitamini E haizuii jambo hili. Kosa hilo limeenea mno kiasi kwamba linapaswa kusemwa bila kuzungusha maneno: vitamini E huzuia mafuta yasichachuke na hewa, na haina nguvu juu ya bakteria wala kuvu. Vivyo hivyo kwa mafuta ya manukato katika viwango salama kwa ngozi, na kwa mbegu za zabibu, na kwa kuweka kopo kwenye friji, kunakochelewesha tu. Anayetaka losheni yenye maji anahitaji kitu cha kuunganisha maji na mafuta yasitengane, pamoja na kihifadhi kinachofanya kazi dhidi ya bakteria na kuvu kwa pamoja, kilichopimwa kwa kiwango kinachotakiwa. Hiyo ni kazi nyingine yenye masharti yake, na sioni sababu ya kuianza kabla ya kuimudu hii isiyo na maji. Anayependa mshubiri anaweza kuupaka kwanza ukiwa mbichi, kiasi cha matumizi ya mara moja, kisha akapaka siagi juu yake. Atapata faida yote bila kuhifadhi chochote.

Maji huingia pia kwa njia zisizotajwa kwenye orodha ya viungo: chupa iliyooshwa na kujazwa kabla ya kukauka ndani, mvuke unaotiririka kutoka kwenye sufuria wakati wa kuyeyusha, na zaidi ya yote vidole vyenye maji vya mtu aliyetoka kuoga. Kijiko kidogo kikavu kilichowekwa kando ya kopo humaliza sehemu kubwa ya tatizo hili.

Mafuta ya manukato

Mafuta yanayotolewa kwa mvuke au kwa kukamua majani, maua na maganda, ambayo wengine huyaita mafuta tete, ni makali kuliko harufu yake inavyodokeza. Kwa mwili asilimia 1 inatosha, yaani gramu 1 katika gramu 100, na kwa uso nusu ya hapo. Kuhesabu matone hakuaminiki kwa sababu ukubwa wa tone hufuata mdomo wa chupa na uzito wa mafuta yenyewe. Yaongezwe mchanganyiko ukiwa umepoa hadi nyuzi 40 hivi, la sivyo sehemu yake itaruka pamoja na mvuke.

Machache yanahitaji tahadhari ya pekee. Karafuu na mdalasini huunguza ngozi kwa urahisi, na wale waliozoea harufu zake jikoni ndio huvuka kiwango bila kujua. Mafuta ya bergamoti, ndimu na limau yaliyokamuliwa kwenye ganda bila joto yana viambato vinavyoifanya ngozi iungue inapopata jua, na madoa yake meusi yanaweza kudumu kwa miezi. Bergamoti haipaswi kuzidi asilimia 0.4 katika kitu kinachobaki kwenye ngozi. Mnanaa usipakwe karibu na uso wa mtoto mchanga. Na kwa mtoto mchanga, kusema kweli, ni afadhali manukato yote yaachwe.

Mchanganyiko wowote mpya ujaribiwe kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri saa 24 hadi 48. Kuhusu karanga, utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha krimu zenye mafuta ya karanga zilizopakwa watoto wenye vipele na kuja kwa mzio wa karanga baadaye, na kwa hiyo mafuta hayo hayana nafasi katika kopo la mtoto.

Nywele si ngozi

Mchanganyiko mmoja kwa kichwa na mwili huwezekana, lakini hauwi bora kwa chochote. Ngozi ni kiungo hai kinachopoteza maji kila saa, na kazi kubwa ya siagi juu yake ni kupunguza mvukizo huo. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai. Hauli, haunywi, wala haupokei lishe. Unaweza kulindwa usikatike, na hapo ndipo mafuta yana kazi.

Utafiti wa Rele na Mohile wa mwaka 2003 uliyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na kuona kwamba nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza waziwazi upotevu wa protini kwenye nywele, yalipopakwa kabla ya kuosha na hata baada ya kuosha. Maelezo ni ule ufupi na unyoofu wa asidi ya lauriki, unaoiwezesha kupenya ndani ya unywele pale ambapo mafuta mengine hubaki juu. Kwa hiyo nazi yana kazi nzuri usiku wa kuamkia kuosha nywele, na shea ina kazi nzuri baada ya kuosha, ikipakwa kidogo kwenye nywele zenye unyevu ili kuuzuia unyevu huo usitoke upesi. Kuipaka kwenye nywele kavu ni kuufungia ukavu ndani. Nywele zilizojikunja sana hufaidika zaidi, kwa kuwa mafuta ya asili ya kichwani hupata taabu kusafiri kwenye mikunjo hadi kwenye ncha, na ncha ndizo kongwe na dhaifu kuliko zote. Kwa nywele, uwiano hugeuzwa: mafuta ya maji yawe mengi na siagi iwe theluthi au pungufu, na nyonyo yasizidi sehemu moja katika kumi.

Ngozi ya kichwa iachwe nje ya haya yote ikiwa ina mba. Kuvu waitwao Malassezia, wanaohusika na mba, hula asidi za mafuta za aina ile ile inayopatikana katika siagi na mafuta ya mimea, na mwenye mba anayejipaka mafuta kichwani ili kutuliza ukavu huwa anawaandalia karamu. Magamba hulainika kwa siku moja mbili na kuonekana kama yamepona, kisha hurudi. Anachohitaji ni shampuu ya dawa.

Kuhusu kukuza nywele, nyonyo limepewa sifa ambazo ushahidi hauzibebi. Huzifanya nywele zionekane nene kwa kuzipaka utando, na hiyo si sawa na kuotesha mpya. Likitumiwa kwa wingi kwenye nywele ndefu limewahi hata kuzisokota zikawa donge lisilofumuliwa mpaka zikatwe. Rozmari ina ushahidi kidogo: jaribio la mwaka 2015 kwa watu 100 wenye upara wa kurithi liliona kwamba baada ya miezi 6 mafuta yake yalikaribiana na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Ni jaribio moja dogo lisilokuwa na kundi la kulinganishia lililopewa kitu kisicho na dawa, na linahusu upara wa namna hiyo tu. Nywele zilizong'oka ukingoni kwa sababu ya misuko ya kubana hazirudishwi na mafuta yoyote iwapo kubana kunaendelea.

Dai jingine linalorudiwa ni kwamba shea hukinga jua. Ina viambato vinavyofyonza sehemu ndogo ya miali, lakini kiasi hicho ni kidogo mno kutegemewa na mtu atakayekaa nje mchana kutwa, na kuongeza unga wa zinki nyumbani hakusaidii, kwa kuwa unga huo hujikusanya mabonge mabonge na kuacha sehemu za ngozi wazi bila mtu kuona.

Kopo lililokamilika likae gizani, mbali na jiko na dirisha, katika chombo kisichopitisha mwanga na kisicho cha shaba wala chuma, kwani madini hayo huharakisha kuchacha. Liandikwe tarehe pamoja na uzito wa kila kilichoingia. Muda wake ni ule wa mafuta dhaifu kuliko yote yaliyomo, si ule wa shea: alizeti ya kawaida ikiwemo, miezi mitatu hadi sita ni makadirio ya busara, na jojoba ikiwemo badala yake, mwaka mzima si ajabu. Harufu ikianza kuchoma pua, mchanganyiko usipakwe tena kwenye ngozi. Unaweza kulainisha bawaba za mlango, lakini usimwagwe kwenye sinki, maana utaganda ndani ya bomba kwa mpangilio ule ule wa fuwele uliotusumbua mwanzoni.